Musyoka, Hukufa Usingizini

Musyoka, ndugu yangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na kabla hujaniambia nipunguze sauti, jua kwamba sipunguzi. Niko Jidda. Ndiyo, Jidda hiyo hiyo uliyokuwa ukisema utaiona ukipata likizo, ukanyage maji ya bahari japo mara moja, kisha urudi Riyadh ukaturingie. Mimi nimeiona na wala sikuomba. Bosi amefungua uwanja wa pili wa bastola zake za mchezo huku, na kwa kuwa wewe hupo, fundi ni mimi. Mimi Wafula, mlinzi wa geti, niliyekuwa nikikushikia tochi na kukuchemshia chai.

Unakumbuka tulivyofika? Ikama yako, kile kibali cha kukaa na kufanya kazi, iliandikwa dereva, yangu mlinzi, na ajenti wa Nairobi alituapia kwamba kazi ni hizo na si nyingine. Tukajikuta kwenye istiraha ya bosi nje ya Riyadh, bustani ya kukodisha yenye ukuta mrefu, ambako vijana walikuja kufukuzana na kupigana risasi za plastiki. Bastola zilikuwa za gesi, nzuri kwa macho, zinaruka mkononi kama za kweli. Lakini zilikula gesi bila haya! Unaijaza magazini, risasi za mwanzo zinakwenda, za mwisho zinadondoka miguuni mwa mpigaji. Bosi alikuwa akilia na makopo yake ya gesi kila jioni. Alishaamua kutupa nusu ya bastola akisema zimekufa. Wewe uliyetumwa kuzibeba hadi pipani ukazibeba hadi chumbani kwako, ukamwambia, "Bosi, hii haijakufa. Inavuja. Ngoja nitafute inavuja wapi."

Hapo ndipo dereva alipogeuka fundi, na geti langu likakosa mtu wa kupiga naye soga.

Nilikuona ukifanya kazi, kwa hiyo mtu asije akaniambia ilikuwa bahati. Ulizamisha magazini kwenye beseni la maji, ukatazama mapovu yanatokea upande gani. Ijumaa zetu za mapumziko zilikwisha hivyo hivyo: wenzetu wanakwenda mtaa wa Shumaisi kula na kuongea na watu wa nyumbani, wewe unanikokota kwenye duka la vifaa vya mabomba kutafuta vipete vya mpira, unavivuta kwa kucha kimoja kimoja mpaka mwenye duka anatutolea macho. Ulibadilisha mpira wa vali. Ulibadilisha ule wa puani, pale gesi inapoisukuma risasi kuingia mtutuni, kwa sababu ulikuta gesi nyingine inarudi nyuma bila kazi. Ulipaka mafuta ya silikoni, tone tu, na ole wangu nikizidisha. Springi ya nyundo ukaweka laini kidogo, ili ikigonga vali isiiache wazi muda mrefu. Na ulinifokea siku niliyojaza magazini hadi juu. "Wafula, gesi nayo inataka pa kupanukia. Ukiishindilia hivyo itatemwa kama mate."

Mwishowe mtu alijaza gesi mara moja, akamaliza risasi zote, akapakia nyingine, nazo zikaisha kabla bastola haijachoka. Ulizunguka istiraha nzima ukiwa umevimba kichwa, ukimwonyesha hata Mbengali wa bustani ambaye hakuwa na habari na bastola. Nilikucheka sana siku ile. Ningelipa chochote nikucheke tena.

Kisha ikaja baridi ya Riyadh, ile inayokata masikio, na bastola zikaanza kukohoa tena. Ukamweleza bosi ukweli: gesi ikipoa inakosa nguvu, magazini zinataka joto. Ulizifunga kwenye taulo pamoja na chupa ya maji ya moto, ukampa mteja dakika ya mwisho. Jambo dogo, la akili, na liliishia kwenye taulo.

Bosi hakuishia kwenye taulo. Alisikia neno joto akaona amepata dawa. Akaleta mbao akapigilia dirisha la chumba chako cha kazi. Akaziba chini ya mlango kwa sponji. Akaweka hita ya umeme pembeni, akafurahi kama mtu aliyevumbua kitu. Magazini zikae kwenye joto, na wewe ukae nazo, uzijaze humo humo, ili zisipoe njiani. Feni ikahamishiwa kwenye majlisi ya wageni.

Musyoka, ile gesi ya makopo haina harufu kama ya jikoni. Ya jikoni ikivuja hata mtoto anajua. Hii haisemi kitu. Na ni nzito, inatuama chini, nawe ulifanya kazi umekaa chini kwenye mkeka, beseni mbele yako, kichwa chini. Kila magazini unayojaza inapiga *fyuu* kidogo kando ya kopo. Kidogo tu. Lakini zidisha kwa siku ya wateja wengi, kwenye chumba kisicho na hata tundu la sindano! Bosi alidhani unahangaika na vali na mipira ili kumwokolea makopo yake. Mimi naamini, kuanzia siku dirisha lilipozibwa, ulikuwa unahangaikia pumzi yako.

Ulimwambia kichwa kinauma. Nilikuwepo. Akakuletea vidonge. Ulimwambia mara ya pili, akakwambia baridi ikiisha ataling'oa ubao. Mtu anaomba hewa, anaambiwa asubiri majira!

Jumamosi moja uwanja ulijaa. Magazini ziliacha kutoka, na bosi akanituma nikuharakishe. Nilisukuma mlango, sponji ikakwama, nikausukuma kwa bega. Nilichokuta ndani unakijua kuliko mimi, sitaki kukiandika. Nilikuburuta hadi kwenye nyasi na nikaita jina lako mpaka vijana wakaacha kupigana risasi.

Hospitalini wakasema moyo umesimama. Kifo cha kawaida. Nikasema kawaida vipi, huyu jana alipanda tangi la maji akiimba? Daktari alishageukia mgonjwa mwingine. Niliporudi istiraha ubao haukuwepo dirishani. Matundu ya misumari yamepakwa rangi, rangi mbichi, na hita imerudishwa stoo. Wewe bado hujapoa, mtu ameshapata muda wa kuchanganya rangi! Ile ndiyo picha inayonijia nikifumba macho, Musyoka. Si wewe kwenye nyasi. Ile rangi.

Kesho yake bosi akanipa simu yake nimpigie dada yako Mwikali, kwa kuwa mimi ndiye najua lugha. Akasimama karibu nami, akaniagiza, "Inta kalam: Musyoka nom, halas. Mafi mushkila." Yaani niseme ulilala, basi, hakuna tatizo.

Sasa sikia, maana hili ungelipenda. Bosi hajui Kiswahili, lakini nusu ya maneno yetu anayatambua. Nikitaja gesi, anajua. Nikitaja hewa, anajua. Hata dirisha nao wanaliita vivyo hivyo. Nikashusha sauti, nikaweka uso wa msiba, nikasema, "Dada Mwikali, ninayesimama naye anataka nikudanganye, kwa hiyo nisikilize. Musyoka hakuugua na hakufa usingizini. Alifungiwa ndani, wakaziba kila tundu, na kile alichokuwa akijaza kutwa ndicho alichovuta mpaka kikamwangusha. Alilalamika. Hawakufungua." Bosi akawa anaitikia kwa kichwa, kwa upole, akinipapasa bega, akiona nafanya kazi nzuri.

Dada yako akasema neno moja tu. "Rudia." Nikarudia yote, polepole, na yule bwana bado anaitikia kwa kichwa.

Amekuzika nyumbani, upande wa mama yenu. Padri alipoanza kusema umepumzika kwa amani, Dada Mwikali alisimama mbele ya watu wote akamkatiza, akaeleza ulivyokufa. Alinipigia kunisimulia. Akasema waombolezaji wengine waliona ni utovu wa adabu. Mimi nilimwambia asiombe radhi kwa yeyote.

Na wewe nawe, nina hasira na wewe. Kwa nini hukutoka? Ulijua gesi inavyokwenda kuliko sisi wote. Najua utaniambia kazi, utaniambia kafili, bosi mwenye ikama zetu, utaniambia tungerudishwa nyumbani mikono mitupu. Najua. Bado nina hasira. Bastola ikipumua vibaya ulikuwa huli mpaka uijue shida yake, na mwili wako mwenyewe ukaufanya usubiri.

Huku Jidda nalala mtaa wa Ghulail, chumba kimoja na Wakenya wenzetu na Wasudani wawili wanaotucheka tunavyokunywa chai na maziwa. Uwanja ni ua wa nyumba ya zamani, na chumba cha fundi ni stoo. Haina dirisha kabisa, ina mlango tu. Jidda hakuna baridi, gesi haiteseki, joto lenyewe ndilo linalotuchemsha. Lakini bosi ni yule yule. Ameshikilia kwamba mlango ufungwe, eti kiyoyozi cha ukumbini kisipoze magazini zake. Nilimwambia mbele ya wateja, kwa Kiarabu changu cha getini, kwamba Musyoka aliuawa na chumba cha namna hii na mimi siingii. Akawa mwekundu. Akasema yalla, haya, kazi, au nirudi Kenya. Halafu akasema haidhuru, anakuja mtu mpya kutoka Kitui, ataingia huyo.

Anaitwa Mutiso. Ni baba wa watoto, ana mvi, ikama yake imeandikwa dereva. Anafika kesho. Nimekaa na habari hiyo tangu asubuhi.

Jioni, bosi alipokwenda kuswali, nilichukua bisibisi yako, ile yenye mpini uliofungwa utepe, nikafungua bawaba. Mlango wa stoo nimeung'oa. Nimeulaza juu ya mapipa mawili hapa uani, upepo unakopita, na juu yake nimepanga beseni, mafuta ya silikoni na vipete vya mpira. Fremu nayo nimeitoa na kuivunja vipande, asije akapata pa kuurudishia. Kama atanifukuza kwa hilo, anifukuze. Mutiso nitakuwa nimeshamweleza kila kitu njiani kutoka uwanja wa ndege, maana mwenye kumpokea ni mimi.

Watu wanaaga marehemu kwa kuwaambia lala salama. Mimi neno kulala sikupi, wamelichafua. Kwaheri tu, Musyoka. Nakuahidi kwamba nikiwa hapa hakuna mtu atakayejaza magazini ndani ya chumba kilichofungwa, na siku bosi akitaka chumba kifungwe, aingie yeye kwanza, nami nitamshikia mlango.

Wako,
Wafula