Jezi Mbili za Dada

Jumanne, 4 Machi
Dada amefariki alfajiri, hospitalini. Mama alikuwa ametoka kidogo kujaza chupa ya maji. Karudi — basi. Nimekusanya vitu vyake: kandambili, kitana, redio ndogo. Sijalia bado. Nazunguka tu vyumbani, nazima taa ambazo hazijawashwa.

Jumatano, 5 Machi
Watu wengi. Nahodha wa kriketi kaleta jezi ya taifa, imepigwa pasi, ameomba Dada azikwe nayo. Mama kaitikia kwa kichwa. Wachezaji wenzake Dada wakaanza kumkumbuka. Walimwita Shifti: asubuhi kriketi, jioni hoki, na timu zote mbili za taifa zikimgombea. Ati mpira wa kriketi aliupiga kama anafagia uwanja kwa gongo la hoki, na ukienda umekwenda. Tulicheka. Kisha tukaona haya.

Alhamisi, 6 Machi
Kocha wa hoki naye kaja. Yule yule! Dada alipokwenda ziara ya kriketi, ndiye aliyemfuta kikosi cha hoki, wala hakumwita tena. Tangu hapo, Dada akisikia filimbi ya hoki uwanja wa jirani, anafunga dirisha. Leo kocha kaja na jezi ya hoki ya zamani ya Dada, namba nane, kwenye mfuko wa plastiki. Nahodha akamwambia, kwa adabu lakini macho makavu, kwamba marehemu ana nguo tayari. Kocha hakubishana. Akamgeukia Mama.
"Mama, nilimkosea. Mruhusu aende na yetu."
Mama akamtazama sana.
"Mbona hukuja akiwa anasikia?"
Kocha akaacha mfuko kitini, akaenda kukaa uani. Nilimpelekea chai. Ikampolea mkononi.

Ijumaa, 7 Machi
Mazishi kesho. Hospitali wamepiga simu, nguo ipelekwe leo. Tumezitandaza jezi kitandani. Zote kubwa! Zilishonewa mwili wake wa uwanjani, na ugonjwa umemmaliza. Zitampwaya. Hakuna aliyewaza hilo. Nikasema tumvishe gauni. Mama akasema Dada hakupenda gauni hata siku moja, tusimwonee leo. Akaomba sindano, uzi na mkasi. Akajifungia na jezi zote mbili.
Nahodha yuko sebuleni, kocha yuko uani. Kila nikipita wananiuliza kwa macho. Nimegonga mlango, Mama kasema nisubiri. Mkasi unalia muda mrefu sasa — kupunguza jezi moja hakuchukui muda huu; nadhani anaziunga zote mbili.