Kozi Kumi na Nne, Madaftari Sita

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile jino limeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Mama anatembea vizuri, ila kusikia ni pale anapotaka. Mimi mwili mzima, lakini roho imechafuka, ndiyo maana nimeshika kalamu. Ningepiga simu ungenikatiza kwa kicheko, na haya sitaki yakatizwe.

Ulisikia shule yetu imepata kompyuta ishirini. Basi mwalimu mkuu alituita akasema somo langu la mwandiko linafutwa, na badala yake watoto watafundishwa kuandika programu. Atakayefaulu mtihani wa fundi wa kompyuta ndiye atakayepewa kazi hiyo. Nikishindwa, nafungasha. Nikamuuliza nitajifunzia wapi. Akanijibu, bila haya, kwamba kila kitu kiko mtandaoni, tena bure.

Bure! Dada yangu, bure hiyo imenitoa jasho. Kozi ya kwanza ilijiita ya wasiojua chochote, na dakika ya nne tu mwalimu wake akasema "kama mnavyojua". Tunajua nini? Tungejua tungemfuata yeye? Ya pili ikaniambia lugha ya kompyuta niliyoanza nayo imepitwa na wakati, nihamie nyingine. Ya tatu ikanirudisha kwenye hesabu. Ya nne iliniahidi ufundi kwa siku saba, na siku ya sita nilikuwa bado nahangaika kuweka vifaa kwenye kompyuta. Ya tisa, mwalimu anaongea kama anakimbizwa na mbwa. Kila moja ikinishinda, pembeni inachungulia nyingine: bonyeza hapa, anza upya. Nimeanza upya mara kumi na nne. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na adabu ya kuniambia anza na hiki, kisha kile, na kile kingine usikiguse kwanza. Sisi mtoto wa darasa la kwanza hatumpi sentensi kabla ya irabu. Hawa wamemwaga alfabeti yote sakafuni, wanakuambia jiokotee.

Usidhani nilizembea. Kila somo niliandika. Wanafunzi hawaniiti Mwalimu Mwandiko bure. Nimejaza madaftari sita, vichwa vimepigiwa mstari kwa rula, maana za maneno kwa kalamu ya kijani. Nilikuwa najisomea kwa sauti mpaka Mama akauliza kama nasali.

Mtihani ukafika mwanzoni mwa mwezi huu. Fundi ni mwanamke wa makamo, mpole, si msemaji. Akanikalisha mbele ya kompyuta, akaniomba niandike programu ndogo ya kutafuta wastani wa alama za wanafunzi. Nikamtajia maana ya programu, nikamtajia maana ya wastani. Akasema vizuri, sasa andika. Nikaandika mstari mmoja, kompyuta ikaukataa kwa maandishi mekundu. Nikaandika mwingine, mekundu tena. Mimi niliyesahihisha watoto wa watu kwa wino mwekundu miaka kumi na tisa! Nikafungua daftari la tatu nitafute jibu. Hapo akaniuliza nimewahi kuandika programu ngapi kwenye kompyuta yenyewe. Sikuwahi hata moja. Miezi mitatu nilikuwa nanakili tu.

Sikufichi, nilimfokea. Nilimwambia mtihani wake si wa haki. Hakubishana nami. Alinipa mpaka mwisho wa mwezi, akaniandikia karatasi: chagua kozi moja, nyingine zote zifunge. Soma somo moja kwa siku. Liandike kwenye kompyuta, liharibu makusudi, kisha litengeneze. Usipoweza kulitengeneza, usiende mbele.

Nilirudi na karatasi ile mkononi, na njia nzima nilikuwa nakufikiria wewe. Nyumbani kwetu mharibifu ulikuwa wewe. Ulifungua redio, pasi, saa ya ukutani, mpaka Mama akakupa jina la Fungua. Sasa nisikilize, maana mficha uchi hazai. Mwaka ule Baba aliposema ataendelea kumsomesha mmoja tu kati yetu, umeamini siku zote kwamba ni mwalimu wako aliyekusema vibaya. Si yeye. Ni mimi. Nilimpelekea Baba madaftari yangu yaliyojaa na yako yaliyo matupu, nikamwambia huyu hafundishiki, anachezea vyuma tu. Karatasi zako za mtihani wa sayansi, zenye alama zilizozishinda zangu kwa mbali, nilizificha chini ya godoro. Baba amekufa hajaziona.

Leo watu wa mtaa wenu wanakuletea simu zilizokufa na kusema mikono yako ina bahati. Nikiwasikia napandwa na hasira, na hasira hii siwezi kumtupia mwalimu mkuu wala watu wa mtandaoni. Nimeshamweleza Mama. Akasema nikuandikie upesi kabla hajakuambia yeye.

Mimi nimefika somo la tisa, na programu ya wastani imekubali. Jana nilimuuliza fundi kama mtu asiye mwalimu anaweza kufanya mtihani. Akasema anaweza, mwalimu mkuu anamtaka anayejua, basi. Nafasi ni moja. Nimeandika jina lako kwenye orodha, juu ya langu. Karatasi ya fundi nimeitia humu ndani ya bahasha, na mimi nitakaa bila nakala. Mtihani ni Jumatatu ya mwisho wa mwezi, saa tatu asubuhi.

Kama hutaki kuniona, sitakulaumu. Lakini ukija, nakuomba sana, usiniachie nishinde.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu. Mama anakusalimu, anasema chumba chako kimeshafagiliwa.

Ni mimi kaka yako,
niliyekukosea.