Niliyokusingizia Juu ya Mnyonyaji

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Tangu tukuzike kule Likunja, funguo za nyumba ya pampu hapa Nachingwea ninazo mimi. Asubuhi namfunga Zawadi mgongoni, nachanganya dawa ya maji kwenye pipa, kisha namwangalia mnyonyaji wako. Watu wanadhani mle ndani kuna mashine kubwa. Kumbe ni kidude cha shaba cha urefu wa kiganja. Maji yakipita kwa kasi kwenye koo lake jembamba, yanavuta dawa kwa mpira kutoka kwenye pipa na kwenda nayo tangini, bila umeme. Ulinifundisha kuweka kidole gumba kwenye ncha ya mpira: "Ukisikia ananyonya kama mtoto, nenda kanywe chai. Ukisikia kimya, hakuna chai."

Siku moja nikasikia kimya, Baba.

Koo lilikuwa limeziba kwa chokaa ya maji. Dawa yake naijua: kuloweka kwenye ukwaju kutwa nzima, halafu njiti ya fagio. Waya wewe uliukataza kabisa. "Shaba laini hii. Koo likitanuka, havuti tena." Lakini Zawadi alikuwa na homa, mimi sijalala siku mbili, na kina mama bombani wananitania, "Mama Zawadi, maji unayapika humo?" Nikachukua spoku ya baiskeli, nikachokonoa.

Maji yakapita vizuri sana. Dawa haikuvutwa hata tone.

Meneja alipokuja akaona mikwaruzo, akauliza nani kafanya hivi. Nikasema, "Marehemu. Alikuwa na tabia ya kuchokonoa kwa waya."

Akatikisa kichwa. "Kumbe mzee naye."

Niliogopa kunyang'anywa funguo. Baba Zawadi yuko machimboni Ruangwa na habari zake hazifiki. Kazi hii ndiyo sufuria yetu. Lakini yale maneno... kumbe mzee naye. Wewe, uliyekataza waya! Wiki mbili nikawa namimina dawa kwa kopo, kwa kukisia. Leo watu wanalalamika harufu, kesho sijui wamekunywa nini. Na kila nikimimina nakuona umesimama pale.

Jana nilimbeba mtoto nikaenda ofisini. Nikasema mbele ya makarani wote: ni mimi, kwa spoku. Baba yangu hakuwahi kufanya hivyo. Meneja akafunga daftari lake. Akasema mnyonyaji mpya ataagizwa, na habari ya kazi yangu nitaambiwa.

Sijaambiwa bado. Zawadi amepona, anatambaa.

Nisamehe, Baba. Sitakuomba mara mbili, maana hukupenda mtu wa kulialia. Ila nakuahidi: Zawadi akianza kuelewa, nitamwambia mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu, kwamba mama yake alidanganya na babu yake hakukosea.

Lala sasa. Jina lako liko safi.

Mwanao,
Somoe