Redio Juu ya Karai la Shangazi

Shangazi,

Nilijua. Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Siku ile Mzee Nzioki alipovuka barabara kutoka hoteli yake na kuweka redio juu ya karai lako la kamba wa baharini, nilijua anasema uongo. Nikanyamaza.

"Sikieni inavyolia! Hawa wamepigwa miale ya nyuklia huko Mombasa. Huyu mama anatupikia bomu!"

Ukacheka. "Nzioki, hata uji wako utalia ukiuwekea hiyo takataka." Madereva wa malori, wateja wako, wakacheka nawe. Kesho yake hawakuja.

Mimi nilikuwa nimechutama miguuni pako, natoa ule uzi mweusi mgongoni mwa kamba kwa mwiba, kama ulivyonifundisha. Vidole vyangu vilijaa mchanga. Mwalimu wetu wa fizikia alitueleza kidato cha nne: kamba humeza mchanga, na mchanga huo ndio hupimwa. Hupashwa moto ndani ya mashine, na kama ulipitishwa kwenye miale, hutoa mwanga mdogo ambao mashine huuona. Redio haipimi kitu! Na chakula kikipitishwa kwenye miale kuua vijidudu, miale yenyewe haibaki ndani. Redio ilikoroma kwa sababu ya jenereta ya kituo cha petroli, hatua chache kutoka jiko lako. Jibu lilikuwa vidoleni mwangu, nami nikainamisha kichwa kwa sababu watu walikuwa wengi.

Homa ikakuchukua kabla mvua haijaisha. Hospitali waliandika malaria. Unajua wanasema nini hapa Mtito? "Aliuawa na kamba wake." Walisema hata kwenye matanga, Shangazi, wakila wali wetu! Na sasa Nzioki anakaanga samaki. Wa lori lile lile lililokuletea kamba kutoka Mombasa. Redio iko rafuni, inaimba, hakuna anayempima yeye.

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi. Hasira na wao, na yeye, na mdomo wangu huu.

Jumamosi, hoteli yake ikijaa, nitaagiza uji. Nitaubeba pamoja na redio yake mpaka pale jiko lako lilipokuwa, na wote watasikia uji ukilia. Kisha nitasema yote, hata sauti ikikatika.

Pumzika, Shangazi. Lakini mpaka Jumamosi, tafadhali, usimwambie mtu huko kwamba nilijua.

Mwende wako