Ufunguo Ulioko Namanga

Jumatatu, 5 Juni 2006

Nimepoteza ufunguo wa gari. Nimeandika ndio nikubali.

Niliufunga kwa pembe ya leso, vile mama yangu hufunga pesa zake. Nikaacha gari hapa kwa ploti, nikabeba Ndanu mgongoni, nikazunguka Noonkopir yote na maziwa ya wateja. Kurudi — fundo limefunguka. Leso tupu! Nimerudia ile njia yote nikiangalia chini kama kuku. Nyasi, mtaro, takataka. Ndanu alifikiri ni mchezo. Akawa ananiokotea mawe. Hii, mama? Hapana, mama. Hii?

Ufunguo wa pili uko na babake, Namanga, kule anafanya kazi na watu wa kupitisha mizigo mpakani. Nimempigia mpaka akashika. Nikamwambia, Musau, mpatie dereva yeyote wa lori anayekuja huku, ni kazi ya asubuhi moja. Akasema sawa Mama Ndanu, usijali. Akauliza gari nimeiacha wapi.

Hakuuliza mtoto yuko aje.

Jumanne, 6 Juni

Ufunguo haujakuja. Kina mama wa Isinya, wale nachukua maziwa yao na gari kila asubuhi, wamengoja barabarani na mitungi mpaka jua likawa kali, maziwa yakaganda. Nashipae, mmoja wao, alipata lifti, akaleta yake peke yake. Ukame umeisha, ng'ombe zimeanza kutoa tena — halafu ni mimi nimekauka!

Anasema kuna mwanaume na pikapu anawazungukia, anataka maziwa yao yote. Amewaomba waningojee kidogo. Kidogo tu, akasema. Wao pia wako na watoto.

Nimelala na nguo.

Alhamisi, 8 Juni

Musau hashiki simu. Nimeita fundi wa kufuli wa pale stendi. Amechonga ufunguo akichungulia tundu la mlango — anasugua na tupa, anapuliza, anajaribu, anasugua tena. Mlango ukafunguka! Nikapiga kelele kama bibi harusi. Akaingiza kwa stelingi, ukazunguka vizuri kabisa. Injini ikanguruma kidogo, ikazima. Tena. Ikazima.

Basi ploti yote ikawa fundi. Ni betri. Wapi, ni plagi. Baba Mwololo wa nyumba ya kwanza akasema hiyo ni ya kusukuma tu, mama ingia kwa stelingi. Wakatusukuma mpaka kanisani, vumbi tupu, Ndanu anapiga makofi. Achilia klachi, mama, achilia! Nikaachilia. Ikaruka kama mbuzi, ikasimama.

Wakati wa kuirudisha watu walikuwa wamepungua.

Nashipae alikuwa amekalia mtungi wake akicheka mpaka shanga zinalia. Nyinyi mnasukuma ng'ombe, akasema. Kwao Umasaini ng'ombe akifiwa na ndama hukataa kutoa maziwa. Unaweza kukamua mpaka vidole viume. Lazima umwekee ngozi ya yule ndama wake, anuse, ndio aachilie. Hii gari yako inanusa, Mama Ndanu. Hicho chuma hakina harufu.

Tukacheka wote. Mimi nilicheka mpaka machozi, halafu machozi yakakataa kukauka, nikaingia ndani nikasema naangalia chai.

Jumamosi, 10 Juni

Nelson amepita, dereva wa lori, rafiki ya Musau. Mikono mitupu. Nimemwekea chai. Amekoroga sana na sukari ilikuwa imeshayeyuka. Shemeji, usiniweke katikati, akasema.

Nikamwambia kunywa kwanza, halafu useme.

Ati alimwitisha ule ufunguo juzi. Musau akautoa mfukoni. Anatembea nao! Akauangalia, akaurudisha. Akasema atakuja nao yeye mwenyewe. Lini? Nelson akaangalia kikombe. Akaniachia namba ya fundi mmoja wa Nairobi anayeitwa Elphas, hizi gari za siku hizi ndio kazi yake. Akaondoka haraka, hata mandazi hakumaliza.

Anatembea nao. Nimefua nguo zote nikifikiria hiyo. Mtu hawezi kubeba kila siku ufunguo wa mahali amesahau. Nikaona raha kidogo. Nikaanika. Wakati wa kuanua nikakumbuka Februari, mara ya mwisho alikuja. Aliangalia oili, akapiga magurudumu teke, akazunguka gari yote. Ndio akaingia kwa nyumba. Na hii gari tulinunua wote, nusu ni maziwa yangu.

Mtu pia hubeba ufunguo wa kitu anachotaka kuja kuchukua.

Ndara zake ziko chini ya kitanda. Nikifagia nazizunguka.

Jumapili, 11 Juni

Kanisani wameombea ndoa. Wanandoa wasimame washikane mikono. Nilisimama, nikashika mkono wa Ndanu. Alikuwa na biskuti.

Jumatatu, 12 Juni

Wawili wa Isinya wameenda kwa yule wa pikapu. Nashipae ndio amenieleza, pole pole, kama anayetoa mwiba.

Elphas anakuja keshokutwa. Musau — nimempigia, nimezimiwa simu.

Jumatano, 14 Juni

Elphas amefika. Kijana msafi, na kompyuta kwa begi kama ya shule. Ameangalia ufunguo wa juzi akatabasamu. Madam, hii ni chuma tu.

Amenionyesha mpya. Ndani ya plastiki nyeusi kuna chipu ndogo kama punje ya mchele. Haitumii betri. Ukiingiza ufunguo, gari inaiuliza, wewe ni nani? Chipu inajibu na namba yake. Isipojibu, ama ijibu namba gari haijui, injini inanyimwa mafuta. Nashipae akanigonga na kiwiko. Si nilikuambia? Inanusa!

Akachomeka waya chini ya stelingi. Akasema gari inajua funguo mbili. Moja ndio ile imepotea. Na hii ingine, iko na nani?

Nikasema, Namanga.

Anaweza kuongeza huu mpya na aache zile za zamani zikiwa hai. Lakini mtu akiokota ule wa Noonkopir, siku moja nitaamka nipate gari imeenda. Ama afute zote, asajili huu peke yake. Hawezi kufuta moja aache moja. Ufunguo wa kubaki lazima uwe hapa, auingize aisomeshe gari. Ule wa mzee utakufa pia. Tumngojee mzee?

Nashipae akaangalia pembeni. Kwao na kwetu hakuna mwanamke hufungia mwenye boma nje.

Nikamwuliza Elphas, na akija na ufunguo wake wa zamani, mlango utamkataa?

Hapana, madam. Chuma ni ile ile. Atafungua, ataingia, atakaa. Hata redio atasikiliza. Kuondoka na gari ndio hawezi.

Atafungua. Ataingia. Atakaa.

Nikasema futa.

Akaniangalia. Una uhakika? Mzee akiniuliza? Nikamwambia, mwambie ni Mama Ndanu, na nyumba iko pale pale.

Sasa naandikia hapa kwa kiti cha nyuma. Mashine ishaanza. Elphas amesema tusiguse kitu mpaka taa itulie. Nashipae ameenda kuwaambia kina mama wa Isinya labda kesho. Kuna taa ndogo nyekundu pale mbele, inawaka inazima, inawaka inazima. Ndanu yuko kwa mapaja yangu, ananyoosha kidole. Hii, mama? Hii?

Nimemshika mkono. Ngoja, mama. Bado inapepesa.