Majina Kwenye Dirisha la Msajili

Ardcorran, 20 Aprili

Mama yangu mpenzi,

Hujambo? Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko kisiwani? Sisi wazima, ila Effie anaota jino la tatu na mimi usingizi nausikia kwa watu. Naandika kwa sababu simu hupokei.

Harusi yenu ni tarehe 14 Juni. Juzi nilipita kwenye dirisha la msajili wa ndoa, wanapobandika majina ya wanaotaka kuoana. Orodha nimeisoma mara mbili. Jina lako halipo. La mchumba wako Lachlan halipo.

Nikamfuata huko huko kasrini mtakakofungia. Alikuwa anafagia ukumbi. Akaniambia, "Mama yako anataka utepe tu, binti. Tufungwe nao mikono mbele ya meko, kama watu wa zamani."

"Watu wa zamani walichinjana pia humu," nikamjibu. Akacheka. Mimi sikucheka.

Mama, utepe si ndoa. Bila hati ya msajili mezani siku ile, kasri lote lile ni mahali pa kupigia picha. Na wewe umeshatoa notisi ya kuhama nyumba. Siku akikuchoka, utadai nini kwa utepe? Huyu mtu anakuzungusha.

Mwanao,
Ishbel

---

Kisiwani, 27 Aprili

Ishbel mwanangu,

Kifua kimetulia. Mpake Effie asali kidogo kwenye fizi. Najua utakataa, nyie wa siku hizi.

Lachlan si mtu wa kunizungusha. Mambo ya karatasi yatakwenda. Gauni nimechagua la kijivu. Na tafadhali, usimfuate tena mwanamume wa watu huko kasrini.

Mama yako

---

Ardcorran, 2 Mei

Mama,

Natumaini u mzima. Asali nimekataa.

Leo niliingia ofisini kwenyewe. Yupo Shona, niliyesoma naye. Akaninong'oneza, "Fomu ya bwana tunayo tangu Machi. Ya bibi haijafika. Hatubandiki mpaka zote mbili ziwepo."

Nilikwenda kumkamata Lachlan, nikakukamata wewe.

Mwisho wa kupokea ni tarehe 16. Unaficha nini? Kama humtaki, mwambie. Usimwache mzee wa watu apige pasi sketi yake ya kilti kwa ajili ya mchezo.

Mwanao,
Ishbel

---

Kisiwani, 6 Mei

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na ukali wako pia.

Namtaka. Fomu nimeijaza yote. Ila mjane lazima aambatishe cheti cha kifo cha mumewe. Cha baba yako kimo kwenye kopo la biskuti, ndani ya bahasha ambayo sijaifungua tangu siku ile. Chini kabisa kuna saini yangu, mtoa taarifa. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, nilikuacha kwa jirani. Niliingia ile ofisi ya msajili peke yangu, nikasaini, nikatoka, nikasahau mwavuli.

Hadithi ya utepe ni yangu. Lachlan aliniamini.

Mama yako

---

Ardcorran, 9 Mei

Mama yangu,

Pole. Kumbe ndiyo maana.

Njoo na feri ya Jumatano. Bahasha ilete ilivyo, usiiguse. Nitaifungua mimi, wewe utambeba Effie. Lakini Lachlan utamwambia mwenyewe. Hilo sitakusemea.

Mwanao,
Ishbel

---

Kisiwani, 20 Mei

Ishbel,

Nimefika salama. Asante kwa kunifungulia ile bahasha. Effie amenitia meno begani, alama bado ipo.

Kabla sijapanda feri ya kurudi nilimwambia Lachlan. Aliuliza cheti kinasema baba yako alifanya kazi gani. Nikamwambia fundi mawe. Akautazama ukuta wa kasri. "Basi huu angeukosoa," akasema. Nikamwambia angeukosoa sana.

Pita dirishani. Lachlan anasema sisi ni wa tatu kutoka juu.

Hati inataka mashahidi wawili. Mmoja Lachlan atamtafuta. Wa pili ni wewe, na kalamu uje nayo. Safari hii sitaki kusaini peke yangu.

Mama yako