Maganda Yaliyo Kwenye Kopo

Baba na kaka Esau,

Samaki wa chumvi na viazi viko juu ya jiko. Nimekwenda kwa shangazi Tryphena kumsaidia kufuma zulia lake.

Maganda ya risasi yaliyo kwenye sahani ni mazima, yatieni baruti. Yaliyo kwenye kopo msiyajaze tena. ~~Nimeyatupa.~~ Nimeyaacha muyaone wenyewe. Yametoboka juu ya kitako cha shaba, na baruti ikilipuka moto utatokea hapo. Nta tunayopaka ili yasilowe baharini imeyaficha matundu.

Asubuhi kaka alinicheka nikiyachungulia dirishani: "Selina, hayo ni mayai? Unatafuta kifaranga?" Nikaendelea kuyachagua. Lakini bunduki inalala shavuni kwako, kaka, si kwangu. Kwangua nta, elekeza ganda dirishani, chungulia ndani. Ukiona mwanga unapenya ubavuni, huyo ndiye kifaranga wako.

Baba, ulisema atakayejua kuchagua maganda ataingia mashuani kesho kuwinda ndege. Buti zangu nimeziweka mlangoni karibu na zako. Ukitaka nibaki, zirudishe tu nyuma ya jiko, sitauliza.

Nimeshazipaka mafuta.

Bintiyo, na dadako wewe mcheshi,
Selina